Karani Aliyeacha Mfumo Wazi

Mwaka 1988 Oracle toleo la 6 liliruhusu kanzidata inakiliwe watu wakiwa kazini. Sharti lake lilikuwa kutunza kumbukumbu ya kila badiliko, kwa hiyo wenye diski ndogo waliendelea kuizima usiku. Amri ya NORMAL ina adabu, kupita kiasi nadhani: humsubiri kila mtumiaji atoke. Zamani, karani akienda nyumbani na kuacha mfumo wazi, ingemsubiri hadi alfajiri. IMMEDIATE huwaondoa watu, hutengua miamala isiyothibitishwa, kisha huandika yaliyobaki diskini. ABORT hukata tu. Ukinakili mafaili hapo hapo, kabla ya kuiwasha tena na kuizima vizuri, huenda fedha zimetoka akaunti moja bila kuingia nyingine. Kanda hujaa kimya. Kasoro hujitokeza siku ya kurejesha, diski ya awali ikiwa imeshakufa.