Ufukwe Uliofika Karagwe kwa Miguu

Kutoka Nkwenda hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,000. Wengi wa wazee wetu waliishi na kufa bila kuiona bahari. Lakini kipande cha ufukwe waliwahi kukishika mkononi, tena wakakihesabu kimoja kimoja. Kiliitwa simbi.

Simbi, au kauri, ni kombe la konokono mdogo wa baharini. Pwani waliliokota maji yanapokupwa. Kule nyingine ziliitwa kete, na mpaka leo mcheza bao anahesabu kete zake, hata kama ni mbegu tu. Simbi zilizobebwa vichwani na wapagazi zilipita Tabora, zikafika Karagwe ya Rumanyika. Speke alipofika huko mwaka 1861, wafanyabiashara wa Kiarabu walikuwa tayari na kituo chao Kafuro. Kilichokuwa kete kwa mcheza bao wa pwani, huku kilikuwa fedha. Waganda, jirani zetu, wanaita fedha ensimbi hadi leo.

Biashara hiyo haikuishia kwetu. Katikati ya karne ya 19, makampuni ya Hamburg yalisomba kauri za Zanzibar kwa meli hadi Afrika Magharibi. Zilimwagwa nyingi mno, thamani ikaporomoka.

Hapo ndipo somo lilipo. Bei ya ufukwe hupangwa mbali na ufukwe, na anayeinama kuokota ndiye anayepata kidogo.

Kwani yamebadilika? Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Paje na Jambiani, Unguja. Wakulima wengi ni wanawake. Wanainama majini, mwani unasafirishwa kwenda viwanda vya ng'ambo. Leo ufuo huohuo una mahoteli, na kinachouzwa ni mandhari. Kwa mgeni, kupwa kwa maji ni kero ya kuogelea. Kwa mama wa mwani, ndiyo saa ya kazi.

Tusidhani haya ni ya watu wa pwani peke yao. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60, si za bahari tu, bali hata za ziwa na mto. Maana yake inaugusa Mto Kagera, na Ziwa Victoria pale Bukoba. Basi ukisikia ufukwe fulani "umepanda thamani," uliza kwanza: kwa nani?