Njia ya Wapagazi na Reli ya Kati

Wasikilizaji, wako watu waitazamao stesheni kuukuu wakaona chuma chakavu tu. Sisi twaona humo habari za wazee wetu.

Kabla ya reli, mali ya bara ilisafiri mabegani. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walichukua pembe kutoka Ujiji na Tabora hata Bagamoyo, kila mtu frasila mbili hivi, nayo safari nzima yaweza kupita miezi mitatu. Watumwa nao walipitishwa njia hiyo wakiwa wamefungwa minyororo.

Mwaka 1905 Wadachi walianza kutandika reli kutoka Dar es Salaam. Ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora 1912, na Kigoma 1914, mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Mahali pengi iliandama ile njia ya misafara. Lakini Bagamoyo iliachwa kando, na Ujiji vivyo hivyo, biashara ikahama. Mpagazi akakosa kazi yake. Wala hatusemi kazi ile ilikuwa njema.

Maelfu ya Waafrika ndio waliochimba tuta na kulaza mataruma. Nani leo ajua majina yao?

Tangu mwaka 2024 treni za umeme zaenda Dodoma kwa reli mpya, iliyo pana zaidi. Basi mtu akitaka ya kale ing'olewe, twamwuliza: mtoto ataonyeshwa wapi kazi ya mikono ile? Huko Kigoma stesheni ya Wadachi ingali imesimama karibu na ziwa, na Ujiji haiko mbali.