Apocalypto (filamu)

Apocalypto ni filamu ya Marekani ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Mel Gibson na kuigizwa kwa Kimaya cha Yucatán. Jaguar Paw (Rudy Youngblood), mwindaji wa msituni, anatekwa na kupelekwa mjini kutolewa kafara. Anaponyoka, na kuanzia hapo ni mbio tupu za kumrudia mkewe mjamzito aliyemficha shimoni pamoja na mtoto wao.

Mbio hizo ndizo uhai wa filamu. Mvua inapojaza shimo, mama anajifungua ndani ya maji huku amembeba mwanawe mabegani. Ni vigumu kuitazama bila kushika pumzi. Damu ni nyingi mno, mara nyingine kupita mahitaji ya hadithi.

Kihistoria inayumba. Miji mikubwa ya Wamaya wa nyanda za kusini ilianguka kwenye karne ya 9, ilhali mwishoni mwa filamu wanatokea Wahispania, wageni wa karne ya 16. Kafara za watu zilikuwepo, ila wingi ule unakumbusha zaidi Waazteki. Dhuluma kubwa ni kwamba taifa la Wamaya, lililokuwa na maandishi yake na majedwali ya kutabiri kupatwa kwa jua linaonyeshwa kama genge la wachinjaji.