Homa ya ini B: Askari wa mwili wanapochoka na ini kusinyaa

Kila tunapozungumzia homa ya ini hewani, swali moja hurudi: kama mwili una kinga yake, inakuwaje mtu mwenye nguvu za kulima aishie tumbo kujaa maji na macho kuwa ya njano? Wengine huhitimisha kwamba karogwa. Jibu limo ndani ya kinga yenyewe.

Virusi vya homa ya ini aina ya B huingia kwenye seli za ini na kuzaliana humo, lakini kwa kawaida si vyenyewe vinavyoziua. Wanaoziua ni askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu. Askari mkuu hapa huitwa CD8: akiona seli ya ini yenye virusi, anaiangamiza. Kwa mtu mzima aliyeambukizwa, mara nyingi vita hiyo huisha ndani ya miezi 6 na virusi huondoka. Kwa mtoto mchanga ni tofauti. Kinga yake bado haijakomaa, na watoto 9 kati ya 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki na virusi hivyo kwa miaka mingi, wengi wao maisha yote.

Miaka hiyo vita huwaka, hupoa, huwaka tena. Seli zinapokufa, ini huziba pengo kwa kovu, kama ngozi iliyoungua moto. Makovu yakienea, ini hukakamaa na kusinyaa. Wataalamu huiita sirosisi. Mgonjwa anaweza asihisi chochote kwa muda mrefu, na hapo ndipo ugonjwa huu unapotutisha kuliko malaria, ambayo angalau hubisha hodi.

Kufikia hapo, CD8 waliopigana miaka mingi wamechoka. Bado wapo, lakini wamepoteza nguvu ya kushambulia na ya kuongezeka. Kisha idadi nayo hupungua. Damu hushindwa kupenya kwenye ini lenye makovu, hurudi nyuma na kujaa kwenye bandama, ambalo huvimba na kuzuia humo chembe nyeupe pamoja na chembe zinazogandisha damu. Ini pia lina walinzi wake wa kukamata bakteria wanaotoka kwenye utumbo. Sasa sehemu ya damu inalikwepa ini, na bakteria wanapita bila kukaguliwa.

Ndiyo maana mgonjwa wa sirosisi anaweza kukutwa na CD4 chache bila kuwa na VVU. Tunalisema hili kwa sababu neno CD4 tumelizoea kwenye UKIMWI tu, na mtu anaweza kunyanyapaliwa bure. VVU vina kipimo chake.

Hatari kubwa iko kwenye maambukizi. Bakteria wakiingia kwenye maji ya tumboni wanaweza kumuua mgonjwa ndani ya siku chache, na kwa kuwa kinga imechoka, homa huenda isipande kabisa. Ukiona amechanganyikiwa, analala mchana kutwa, mkojo umepungua, tumbo linauma au anatapika damu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, iwe HOMSO hapa mjini, Peramiho au hospitali ya wilaya yako.

Dawa ipo. Tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, huvidhibiti virusi, vita hupoa, na kwa baadhi ya wagonjwa makovu hupungua. Haimalizi virusi. Anayeacha kidonge kwa sababu amepata nafuu, au amepewa mizizi ya kuchemsha, huvipa virusi nafasi ya kupanda tena; askari waliosalia huamka na kushambulia, na ini lisilo na akiba linaweza kushindwa kabisa.

Tanzania ilianza kuwachanja watoto wote dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata chanjo hii kliniki utotoni. Kwa hiyo mmoja akigundulika, mwenzi wake, watoto wake na ndugu zake wa mama mmoja wapimwe damu, hata kama wanajisikia wazima. Ambaye hana virusi wala kinga anaweza kuchanjwa, hata akiwa mtu mzima.