Mtani Amelala Kaburini

Kaburi limekwisha kuchimbwa, jeneza liko njiani, na ndani ya shimo yumo mtu mzima amelala chali, mikono kaikunja kifuani. "Hapa sitoki," anasema. "Marehemu kaondoka na deni langu la kuku wawili. Mpaka nilipwe." Wazee wa ukoo wanainama ukingoni kumbembeleza. Vijana wanageuza nyuso pembeni. Mjane, ambaye tangu alfajiri hajainua kichwa, anajikuta anauma upindo wa kanga asicheke. Noti ya elfu mbili inashuka shimoni; jamaa anaipokea, anaimulika juani, anaigeuza upande wa pili, kisha anauliza nyingine iko wapi.

Mgeni akiliona hilo atadhani jamaa amelewa au ana wazimu. Hana lolote kati ya hayo: yuko kazini. Ni mtani wa ukoo uliofiwa, na huenda ndiye aliyeamka kabla ya jogoo kulichimba kaburi lenyewe, akapasua kuni, akabeba maji, akamchinja mbuzi huku akimsema marehemu kwa ubahili. Tukio la namna hii limerudiwa katika misiba ya Tanzania kwa vizazi vingi, na historia yake imepita njia ndefu kuliko kicheko chenyewe.

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kuchekesha na kuchokoza: mzaha, masihara, dhihaka, kejeli. Mzaha anaweza kuufanya yeyote kwa yeyote, na akijibiwa kwa kofi asilalamike sana. Utani si hivyo. Utani una wenyewe. Mtu huzaliwa nao kama anavyozaliwa na jina la ukoo, akakuta fulani ni watani zake na fulani si watani zake, na kwa wale wa kwanza anaruhusiwa maneno ambayo kwa wengine yangempeleka barazani kwa mjumbe. Mtani akichukua jembe lako ukutani, au akaondoka na jogoo, humshitaki. Unangoja siku yako. Kukasirika ndiko kosa. Mwenye kununa mbele ya mtani ndiye anayeaibika.

Sehemu kubwa ya utani wa makabila ilitoka barabarani, tena kwa miguu. Katika karne ya 19 njia kuu ya biashara ilianzia Bagamoyo, ikapita Uzaramo, Usagara na Ugogo hadi Tabora, halafu Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi pamoja na ndugu zao Wasukuma. Walishuka pwani na pembe za ndovu, wakapanda bara na merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba, kila mmoja akiwa na mzigo wa karibu kilo 30 begani. Wapelelezi Burton na Speke walipofunga safari kutoka pwani mwaka 1857 waliingia Tabora baada ya siku zaidi ya 130. Ndani ya siku hizo mtu huugua ndui, huumwa tumbo la kuhara, hukanyaga mwiba ukageuka donda. Na hufa.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. David Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi iitwayo Zambia leo, watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliukausha mwili wake, wakaubeba miezi mingi hadi Bagamoyo, ukafika Februari 1874 na kupelekwa kuzikwa London. Mpagazi wa kawaida hakuwa na wa kumfanyia hivyo. Mzigo wake aligawiwa mwingine, msafara ukaondoka, na wasafiri wa zama hizo wameandika juu ya mifupa waliyoikuta kandokando ya njia. Mtu aliyeanguka Uzaramo, mwendo wa miezi kutoka kwao, alihitaji mwenyeji wa kumpa maji angali hai na wa kumfukia akishakufa. Mwenyeji huyo hakuwa ndugu wala mkwe. Akawa mtani.

Kwa hiyo Mzaramo na Mnyamwezi, au Mzaramo na Msukuma, walipokutana kwa matusi, kila upande ulijua kilichomo ndani ya matusi hayo. Mnyamwezi aliingia kijijini bila hodi ya kinyenyekevu, akadai muhogo kama mwenye shamba. Mwenyeji akamwita mshamba, akamcheka alivyoishangaa bahari, akamtaka ada ya kukanyaga mchanga wa watu. Kisha akamkaribisha. Aliyeweza kumtukana mwenyeji wake jioni alikuwa na hakika kwamba asubuhi hataachwa amekufa kama mbwa wa njiani. Ilikuwa bima, ila malipo yake yalitolewa kwa maneno.

Utani mwingine ulizaliwa vitani. Wangoni walitoka kusini kabisa mwa Afrika wakikimbia misukosuko ya zama za Shaka, mfalme wa Wazulu, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na baada ya kifo chake huko Ufipa baadhi yao walishuka hadi Songea. Kaskazini yao walikuwako Wahehe, ambao nao hawakuwa watu wa kusukumwa. Majeshi hayo mawili yalipambana vibaya miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880, na hakuna aliyemmaliza mwenzake. Watu wawili waliopigana hivyo wana njia chache za kuishi jirani. Wao walichagua kutaniana.

Mpaka leo Mngoni akimkuta Mhehe ofisini atamuuliza kwa upole mbona siku hizi mbwa wa mtaani wamepungua, kana kwamba wameishia chunguni kwake. Mhehe hatikisiki. "Mtumwa wangu," atamjibu, "nani amekupa ruhusa ya kusema?" Karani mgeni aliyetoka chuoni mwaka huu anabaki mdomo wazi akingoja ngumi. Badala yake wawili hao wanakwenda pamoja kunywa chai, na anayelipa ni yule aliyeshindwa kupata jibu.

Si kila utani ulitaka vita au safari. Wachaga na Wapare ni majirani tu, wa mlima na mlima. Wafua chuma wa Ugweno, kaskazini mwa Upare, walikuwa wakiwauzia Wachaga chuma zamani kabla ya ukoloni, na mtu unayefanya naye biashara miaka mingi huna budi kumsema. Mpare anasemwa kwamba atauza ng'ombe agharamie kesi ya kuku. Mchaga naye, wanasema, akizimia hakuna haja ya daktari: dondosha sarafu karibu na sikio, asipofumbua macho nendeni mkachonge jeneza.

Mtu aliyejitahidi mapema kuyaandika mambo haya kwa utaratibu hakuwa mtaalamu wa watu, alikuwa mtaalamu wa ndege. Reginald Moreau alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, kituo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Kazi yake iliyompa jina ni ya ndege. Yuko hata ndege mdogo wa milimani anayebeba jina la mkewe, Winifred. Lakini palepale Amani alikuwa akiwasikia watu wa makabila mbalimbali wakitukanana kwa furaha, akaanza kuuliza nani ni mtani wa nani na kwa nini. Makala zake zilitoka mwaka 1941 na 1944. Inafurahisha kumfikiria mtu aliyezoea kukaa kimya msituni akisikiliza milio, sasa amekaa na daftari anasikiliza matusi.

Karibu na wakati huohuo, mwaka 1940, mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown wa Uingereza alichapisha makala mashuhuri kuhusu utani duniani. Hoja yake, kwa ufupi, ni kwamba watu waliofungwa pamoja lakini wenye sababu ya kugombana hubakiwa na njia mbili: kuogopana kwa heshima au kutukanana kwa ruhusa. Bibi yeyote wa Kiswahili angemwambia hayo bila makala. Mkwe unamwamkia kwa kuinama na hukai naye kitanda kimoja; shemeji unamtania mpaka anatoka mbio. Na bibi mwenyewe anamwita mjukuu wake wa miaka mitano "mume wangu", anamlalamikia kwamba hajaleta matumizi ya nyumbani, huku mtoto akijitetea kwa dhati kwamba mshahara bado haujatoka.

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, biashara ya kubeba mizigo kwa mabega ilianza kufa. Utani haukufa nayo. Ulipanda treni, ukashuka kwenye mashamba ya mkonge. Zao hilo lililetwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ikiwa ndiyo iliyofika hai, na baadaye likaifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Wakataji wake, manamba, walitoka Songea, Njombe, Kigoma na kwingineko, wakapangwa kwenye makambi ya Tanga na Morogoro mbali na kwao. Kifo kambini kilikuwa na swali lilelile la barabarani: nani atazika? Na jibu lilikuwa lilelile. Mngoni alizikwa na watani aliowakuta, na waliomzika walihakikisha kwanza wamemcheka.

Mjini nako ilikuwa hivyo. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, kikosi cha wapagazi wa vita, Carrier Corps, kiliwekwa kambi kwenye uwanja ambao jina lake lilitafunwa midomoni mwa watu likawa Kariakoo. Mizigo ileile, mabega yaleyale, safari hii ni risasi na unga wa wanajeshi, na makumi ya maelfu ya wabebaji hawakurudi. Ni katika eneo hilohilo, lenye jina la wapagazi, ulipozaliwa utani ambao leo unawajumuisha hata wasiojua kabila lao. Klabu ya soka ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata wakaja wapinzani wao, ambao waliitwa Sunderland mpaka mwaka 1971 walipokuwa Simba. Watangazaji hawawaiti mahasimu. Wanawaita watani wa jadi.

Neno hilo halikutumiwa ovyo, kwani kanuni zote za zamani zimo. Simba ilipoifunga Yanga mabao 6–0 Julai 1977, Abdallah Kibadeni akitupia matatu, deni lilifunguliwa ambalo bado linadaiwa vijiweni na watu ambao wazazi wao walikuwa hawajaoana siku hiyo. Simba ikashinda tena 5–0 Mei 2012. Novemba 2023 Yanga wakajibu kwa 5–1, na kwa wiki nzima shabiki wa Simba hakuweza kupita bila kuonyeshwa kiganja chenye vidole vitano. Mashabiki hubeba hata jeneza la bandia lililofunikwa kitambaa cha rangi za aliyefungwa, wakalilia barabarani kwa sauti kubwa. Wengi wao hawajawahi kuona mtani wa kweli akilala kaburini, lakini mchezo wameurithi wote: msiba, kilio cha uongo, na anayedaiwa hela ya soda.

Tanzania haiko peke yake. Wamijikenda wa pwani ya Kenya nao wana watani wao msibani. Mali wana sanankuya. Na utani wa Niger uliingizwa mwaka 2014 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Wapo wanaosema kwamba utani ndio uliowaepusha Watanzania na vita vya kikabila. Huo ni mzigo mkubwa mno kwa bega moja. Kiswahili kilikuwapo, shule za bweni zilizochanganya vijana zilikuwapo, siasa za Mwalimu Nyerere zilikuwapo. Tena utani una ubaya wake: wako wanaojificha nyuma yake kumdhalilisha mfanyakazi wa kike au kumsimanga mtu wa kabila ambalo si mtani wao hata kidogo, na wakiulizwa wanasema, "Natania." Wazee wangewauliza swali moja tu: fulani ni mtani wako tangu lini, na siku akifa utamchimbia wewe?

Kule kaburini, noti ya tatu imeshuka. Jamaa anatia zote mfukoni mwa shati, anapewa mkono, anapanda juu akijipangusa udongo wa matakoni. Jeneza linateremshwa. Sala zinasomwa. Kabla mtu hajasema neno, yeye ndiye wa kwanza kushika chepe, na anafukia kwa kasi bila kupumzika, jasho likimtoka, bila mzaha wowote, mpaka tuta linakaa vizuri. Ndipo anamsogelea mjane, anazitoa zile noti tatu zilizokunjamana, anazisukumiza kiganjani mwake na kukifumba.

"Shemeji," anamnong'oneza, "kuku mmoja nimesamehe. Yule wa pili bado."