Wanafunzi na Nauli katika Ujerumani, 1968–2024

Maandishi mengi ya siku hizi yanayosimulia habari za wanafunzi wa Ulaya wanaodai mabasi na reli bora kwa ajili ya kuzuia mabadiliko ya tabianchi huanza aghalabu mwezi Agosti 2018, pale Greta Thunberg, msichana wa miaka 15, alipoketi mbele ya bunge la Sweden mjini Stockholm. Mwanzo huo wafaa kwa habari za tabianchi, lakini kwa habari za usafiri haufai. Katika Ujerumani wanafunzi waligombania nauli nusu karne kabla ya hapo, na asiyeijua habari hiyo ya kale hataelewa vema kwa nini mambo yalikwenda jinsi yalivyokwenda mwaka 2024.

Mwezi Januari 1968 nauli za tramu zilipandishwa katika mji wa Bremen. Wanafunzi, na wengi wao walikuwa wa shule wala si wa vyuo, wakaketi juu ya reli na kuzuia magari yasipite. Polisi waliwapiga kwa marungu, na ukali huo ndio uliowafanya watu wazima wawahurumie. Wafanya kazi wa kiwanda cha chuma na wa kiwanda cha meli wakawa upande wao. Bibi Annemarie Mevissen, makamu wa meya, alitoka akasimama mbele ya umati wa vijana uwanjani na kusema nao. Mwisho wake nauli mpya ziliondolewa.

Mwaka uliofuata, mwezi Juni 1969, ikawa zamu ya Hannover. Hapo wanafunzi walizizuia tramu na mabasi ya kampuni ya Üstra kwa siku kadhaa, na ili watu wasikose kufika makazini, wenye motakaa walibandika alama nyekundu ya duara katika vioo vya mbele, kuonyesha kwamba wako tayari kumchukua abiria yeyote bure. Kampuni ikashindwa, nauli ikashushwa ikawa senti 50 za Kijerumani, yaani Pfennig 50, na baadaye kampuni yenyewe ikaingizwa katika miliki ya umma. Msomaji wa leo hana budi kutabasamu kidogo aonapo kwamba ushindi huo mkubwa wa usafiri wa umma ulipatikana kwa msaada wa motakaa za watu binafsi. Lakini mwaka 1969 moshi wa motakaa haukuwa hoja. Hoja ilikuwa mfuko wa mtu.

Hatua ya pili ilikuwa ya utulivu zaidi, nami naiona kuwa ndiyo yenye maana kubwa, ingawa haikuandikwa sana kwa kuwa haikuwa na marungu wala maandamano. Mwaka 1991 wanafunzi wa Darmstadt walipata tikiti ya muhula. Kanuni yake ni nyepesi: kila mwanafunzi hulipa kiasi kidogo pamoja na ada yake, apande basi asipande, na kwa hiyo wote husafiri kwa bei ambayo hakuna mmoja angeweza kuipata peke yake. Wako waliolalamika kwamba mwenye baiskeli hulipishwa kwa ajili ya mwenzake. Shauri likafika katika mahakama kuu za nchi, nazo katika mwaka 1999 na mwaka 2000 zikakubali kwamba jumuiya ya wanafunzi yaweza kutoza malipo hayo. Kwa uamuzi huo, jambo lililokuwa ombi la kupunguziwa nauli likageuka kuwa bima ya ujima.

Tabianchi iliingia baadaye, juu ya msingi huo. Septemba 20, 2019, waandaaji wa Fridays for Future walihesabu watu milioni 1.4 katika maandamano ya Ujerumani. Hoja yao juu ya usafiri ilikuwa na nguvu, kwani hewa ya ukaa itokayo katika usafiri wa nchi hiyo mwaka 2019 ilikuwa karibu sawa na ile ya mwaka 1990, hali viwanda na mitambo ya umeme ilikuwa imepunguza sana. Serikali ilijibu kwa bei. Kati ya Juni na Agosti 2022 iliuzwa tikiti ya Euro 9 kwa mwezi, na zikanunuliwa tikiti zipatazo milioni 52. Mei 2023 ikafuata tikiti ya nchi nzima kwa Euro 49. Hata hivyo bei rahisi haimfai mtu ambaye kijijini kwake basi hupita mara mbili kwa siku, wala basi haliendi bila dereva.

Hapo ndipo wanafunzi walipowaendea madereva. Katika harakati iliyoitwa Wir fahren zusammen, maana yake Twasafiri Pamoja, walishirikiana na chama cha wafanya kazi cha ver.di, wakaenda vituoni alfajiri kusimama pamoja na waliogoma. Machi 3, 2023 maandamano ya tabianchi na mgomo wa usafiri wa miji vilifanyika siku moja, na Steffen Kampeter wa shirikisho la waajiri akasema kwamba mpaka wa hatari umevukwa. Shutuma hiyo ilikaa juu ya neno moja. Kijerumani, kama Kiswahili, hutumia neno lile lile la mgomo kwa mwanafunzi aliyeiacha shule (na neno shule tulilipata kwao) na kwa dereva aliyeliacha basi. Lakini wa kwanza wakuu wa shule humwita mtoro, na wa pili sheria humlinda maadamu anadai mkataba wa kazi tu, si siasa. Kwa hiyo ver.di ilishika madai ya saa za kazi na mapumziko, na wanafunzi wakashika ya tabianchi, kila mmoja kwa bendera yake. Mwaka 2024 mashauri ya mikataba yaliwahusu wafanya kazi wapatao 90,000, katika majimbo yote isipokuwa Bavaria, na Machi 1 wanafunzi waliandamana pamoja nao.

Katika muhula wa kiangazi wa mwaka huo huo tikiti ya wanafunzi ya nchi nzima ilianza, kwa asilimia 60 ya bei ya kawaida, yaani Euro 29.40 kwa mwezi. Bei ya kawaida ikapanda kuwa Euro 58 Januari 2025, kisha Euro 63 Januari 2026, na ile ya wanafunzi, kwa kuwa imefungwa nayo, hupanda vilevile.