Goti langu, tuktuk na kiti cha Charcot

Nimekuwa kimya kidogo. Goti lilinipinda mpirani, na mtu akiwa na mguu juu ya mto hana la kufanya ila kusoma. Jirani yangu, dereva wa tuktuk, alinifariji: "Panda yangu kila siku, mtetemo utakuponya." Nikacheka. Kumbe wazo lake lina zaidi ya miaka 130!

Daktari Jean-Martin Charcot wa Paris aliwasikia wagonjwa wake wa Parkinson wakisema wamepata nafuu baada ya safari ndefu za treni. Akatengenezewa kiti kinachotetemeka, akakieleza mwaka 1892, miaka 4 kabla ya reli yetu kuanza kujengwa hapa Mombasa. Watafiti wa Chicago walipochapisha jaribio lao la kiti kama hicho mwaka 2012, waliotetemeshwa na wasiotetemeshwa walipata nafuu karibu sawa. Ehe!

Lakini tusiitupe hoja yote. Ligamenti ni kamba fupi zinazofunga mfupa kwa mfupa, na ndani yake mna seli zinazofuma kolajeni. Seli hizo hushika nyuzi kwa protini ziitwazo integrini. Uzi ukivutwa, seli huhisi na jeni huwashwa. Sisi wa programu tungesema mvuto ni ingizo, kolajeni ni tokeo. Na ingizo likikosekana? Mwaka 1987 Savio Woo na wenzake, Marekani, waliripoti habari za sungura waliofungwa goti wiki 9: ligamenti ya upande wa ndani ilibakiwa na takriban theluthi moja ya nguvu zake. Robert Salter wa Toronto alikuwa ameshaanza mwaka 1970 kuchezesha viungo vya sungura polepole, zama ambazo dawa ilikuwa plasta.

Mtetemo wenyewe ulipata heshima mwaka 2001. Clinton Rubin aliwasimamisha kondoo juu ya bamba linalotetemeka mara 30 kwa sekunde, dakika 20 kwa siku, mwaka mzima. Mfupa wenye vitundu wa paja ukaongezeka msongamano kwa asilimia 34. Mfupa lakini, si ligamenti! Ile ligamenti ya katikati ya goti ikikatika kabisa ni taabu zaidi: imezama katika maji ya kiungo, damu haigandi kuunganisha ncha mbili. Hapo mtetemo utaamsha seli zivuke daraja gani?

Yangu, alhamdulillah, ni ya upande wa ndani, ambayo mara nyingi hupona bila kisu. Nimepewa mazoezi. Tuktuk naipanda bado, ila ya kunifikisha Coast General tu, na namwomba jirani ayakwepe mashimo.